Uzoefu wangu wa kuwekewa stenti kwenye ateri ya shingo

Natoa maoni haya kuhusu tiba ya jeraha la ateri ya shingo kwa njia ya katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa damu) na stenti (kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya ateri), niliyopatiwa katika hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam. Tiba yenyewe imeniridhisha. Maelezo ya gharama hayakuniridhisha hata kidogo.

Nilikuwa abiria wa bodaboda iliyogongana na daladala, na kipande cha kioo kikanichoma upande wa kulia, chini ya sikio, nyuma ya taya. Jeraha lilishonwa likafunga, lakini pakaibuka uvimbe uliodunda sambamba na moyo, na kila nilipolala nilisikia mvumo ndani ya sikio. Kipimo cha CT cha mishipa ya damu kilionyesha kwamba ukuta wa ateri ya ndani ya karotidi, inayopeleka damu kwenye ubongo, ulikuwa umetoboka, na damu imejitengenezea kifuko pembeni ambacho kingeweza kupasuka, au kutoa bonge la damu likapanda hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Daktari alinieleza vizuri kwa nini hakupendelea kunipasua. Madaktari wa upasuaji huigawa shingo katika kanda tatu, na jeraha langu lilikuwa katika kanda ya tatu, baina ya pembe ya taya na kitako cha fuvu, ambako kuifikia ateri kwa kisu ni kazi ngumu, tena mishipa ya fahamu ya ulimi, ya sauti na ya kumeza imepita papo hapo. Hata hivyo alisisitiza kwamba majeruhi anayevuja damu kwa kasi, au ambaye uvimbe unamziba njia ya hewa, kwa kawaida hukimbizwa chumba cha upasuaji bila kusubiri vipimo vingi.

Nilifanyiwa nikiwa macho, ganzi ikiwa kwenye kinena tu, mahali walipopitishia sindano, waya na katheta hadi shingoni huku wakifuatilia kwenye skrini ya eksirei. Dawa ya rangi, inayofanya mishipa ya damu ionekane kwenye skrini, ilipoingia nilihisi joto likitambaa shavuni hadi nyuma ya jicho. Kila baada ya muda sista aliniambia, “Kaka, kaza ngumi ya kushoto,” kwa sababu upande wa kulia wa ubongo ndio unaouongoza mkono huo. Stenti iliyovishwa kitambaa ilipofunguka na kuziba tundu, ule mvumo ulikatika nikiwa bado mezani, na nadhani niliitambua kazi imekwisha kabla hawajaniambia.

Kasoro ni kwamba habari ya stenti hiyo kutolipiwa na bima yangu nilipewa asubuhi ileile ya matibabu, ndugu wakaanza kuchangishana kwenye korido. Hilo lingeweza kusemwa mapema.

Anayetarajia tiba hii aulize pia kuhusu dawa, maana aspirini na klopidogreli huandikwa pamoja ili damu isigande ndani ya stenti, na mimi nilionywa nisiziache hata kwa ajili ya kung’oa jino bila kumuuliza daktari. Vilevile aulize kipimo cha marudio, kwa kuwa ultrasound haioni vizuri sehemu ya juu kabisa ya shingo, ndiyo maana mimi nimepangiwa CT tena, nayo ina bei yake.