Mifuko ya PICS kwa mahindi ya Tabora: dumuzi inamuweza, panya haimuwezi

Dumuzi, mdudu mharibifu wa mahindi ambaye wakulima wengi humwita Scania, asili yake ni Amerika ya Kati. Barani Afrika aligundulika kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo chombo chochote cha kuhifadhia nafaka kinachouzwa Nzega, Urambo au Sikonge kipimwe kwa mdudu huyu kwanza. Fukusi, mdudu mwingine wa nafaka, ni mtihani mwepesi.

Mfuko wa PICS, ambao wengi huuita Kinga Njaa, ni mifuko mitatu iliyovalishana: miwili ya nailoni nzito, na wa nje ni kiroba cha kawaida. Hauna dawa yoyote. Wadudu walioingia na mahindi hupumua mpaka oksijeni inapungua, wakaacha kula, kisha wakafa. Hewa ikiendelea kuingia, hata kwa tundu dogo, umenunua kiroba cha bei mbaya.

Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za Kamerun, na hilo linaonekana. Kunde hazichomi. Mahindi yaliyopigwa kwa fimbo huja na vipande vya magunzi vyenye ncha, navyo hutoboa nailoni hata kabla ya dumuzi. Pepeta, chekecha, ondoa magunzi yote. Dumuzi naye anaweza kutoboa nailoni ya ndani kabla hajafa; hapo ya pili ndiyo inayookoa gunia.

Malalamiko mengi kuhusu mfuko huu, ya mahindi kunuka uchachu au kuota ukungu, chanzo chake ni unyevu. Mahindi yawe na unyevu wa asilimia 13 au chini ya hapo. Asiye na kipimo atumie chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi robo chupa, vijiko viwili vya chumvi iliyokauka vizuri. Funga, tikisa dakika chache, acha kama dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Isiponata usishangilie haraka, kwani 14 nayo hainati. Anika siku moja au mbili zaidi, juu ya turubai na si udongoni. Kiangazi cha Tabora kinatosha kabisa kwa kazi hii.

Kabla ya kujaza, puliza kila nailoni, kunja mdomo, minya na usikilize. Jaza kidogo kidogo ukishindilia ili hewa isibaki pembeni, na acha sentimita 30 hivi za mdomo. Sokota nailoni ya ndani, ikunje, ifunge kwa kamba, kisha ya pili peke yake, kisha kiroba. Kuzifunga zote kwa kamba moja ndilo kosa linaloonekana zaidi, na ndilo linalorudisha wadudu. Faida ya pembeni: mfuko unaodai mdomo wa sentimita 30 haukubali lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), jambo ambalo baadhi ya wanunuzi hawatalipenda.

Usiufungue kwa mwezi wa kwanza. Ukiufungua kila wiki kuchota ya ugali, unawapelekea wadudu pumzi. Mahindi ya kula mwezi huu yawekwe kwenye chombo kingine.

Udhaifu mkubwa ni panya. Nailoni haimzuii, na tundu lake huwa kubwa mno kuzibika. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, na usiiweke karibu na magunia yenye dumuzi, maana huyo hutoboa hata akiwa nje. Penye panya wengi, afadhali pipa la chuma lenye mfuniko unaobana, japo ni ghali.

Ukilinganisha na dawa ya unga, dawa ni rahisi mwanzoni, lakini hununuliwa kila msimu, na isiyo na kiambato cha kumuua dumuzi humaliza fukusi tu. Kwa mfano, mfuko ukiwa wa shilingi 5,000 na ukidumu misimu mitatu, ni kama shilingi 1,700 kwa msimu kwa gunia la kilo 100. Nailoni ya ndani ikipata tundu dogo, libandike selotepu, kisha nailoni hiyo ihamishie katikati. Ikiwa na matundu mengi, itumie kuanikia dagaa.