Kupandisha toleo la Cassandra: nodi moja moja, au kuzima zote?

Nodi (seva) tatu za Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva kadhaa, hapa Lubumbashi hazikubaliani kuhusu muundo wa majedwali, na dosari yenyewe imeshatengenezwa katika toleo jipya. Njia ni mbili.

Kuzima zote kwa pamoja ni rahisi kueleza: Jumapili usiku huduma inafungwa, programu inabadilishwa, nodi zinawashwa. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi, asubuhi inakukuta huna hata nodi moja ya kutegemea.

Mimi nachagua kupandisha nodi moja moja. Data ikiwa na nakala tatu, na usomaji na uandishi ukihitaji jibu la nodi mbili tu, moja inaweza kutoka na duka likaendelea kuuza. Mgogoro uliopo uishe kwanza. Mara nyingi kuizima na kuiwasha nodi iliyojitenga hutosha. Kisha chukua snepshoti (nakala ya faili za data kama zilivyo wakati huo), endesha amri ya nodetool, zana ya kusimamia Cassandra: nodetool drain, ili yaliyo kwenye kumbukumbu yaandikwe diskini, zima, weka toleo jipya, washa, na usiguse ya pili kabla hii haijarudi sawasawa. Katikati hapo usibadilishe majedwali, usiongeze nodi. Ukitoka toleo la 3.11 kwenda la 4.0, nodetool describecluster itaonyesha miundo miwili mpaka nodi ya mwisho ivuke, usishtuke. Zikivuka zote, nodetool upgradesstables huandika upya faili za zamani.

Kurudi nyuma ni kugumu kwa njia zote mbili, maana toleo la zamani halisomi faili za jipya. Kwa hiyo snepshoti zisifutwe wiki hiyo, hata diski ikibana.