Darubini ya milimita 114: usiinunue kwa ajili ya bahari za Titani

Kasha linajigamba: "inakuza mara 675". Hesabu yenyewe ni urefu wa fokasi wa milimita 900 kugawanya kwa lenzi ya macho ya milimita 4, kisha mara 3 ya Barlow ya plastiki (lenzi ya kuongeza ukuzaji). Kioo cha milimita 114 kinavumilia takriban mara 228, basi. Ukipita hapo Zohali inageuka uji.

Titani, mwezi wa Zohali, ina upana wa kilomita 5,150, ila kutoka huku Lubumbashi ni sekunde 0.8 tu ya tao (sekunde moja ya tao ni nyuzi moja kugawanya kwa 3,600), na kioo hiki hakitenganishi chini ya sekunde 1. Utaona nukta. Kioo kikubwa zaidi nacho kingekwama kwenye ukungu mzito wa mwezi ule. Bahari zake za methani na ethani, kwenye baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri, zilisakwa kwa rada: Julai 2006 chombo cha angani Cassini kiliimulika ncha ya kaskazini, yakatokea mabaka meusi, kwa kuwa uso laini hutupa mwangwi pembeni badala ya kuurudisha.

Kuifuata hiyo nukta, hapo darubini inajitetea. Tumia lenzi ya milimita 20 (mara 45). Titani ikijitenga kabisa, iko mbali na Zohali karibu mara nne na nusu ya upana wa pete zake, ukingo hadi ukingo. Baada ya siku 8 imehamia upande wa pili. Chora nukta zote kila usiku, utaijua.

Stendi ndiyo lawama kubwa. Sisi tuko nyuzi 11.7 kusini, kwa hiyo mhimili wa stendi, unaoelekezwa kwenye ncha ya kusini ya anga, unalala sana, na fimbo ya uzito inaweza kugonga mguu. Fupisha mguu wa upande wa kusini, uhakikishe haipinduki.

Vioo navyo husogea kwa mitikisiko ya barabara. Vuruga fokasi kwenye nyota angavu: duara zisipokuwa na kitovu kimoja, rekebisha skrubu tatu za nyuma, robo mzunguko kwa mara moja. Iache nje dakika 30 kabla ya kutazama, na usielekeze juu ya mabati ya jirani. Joto lake linachemsha picha. Umeme ukikatika mtaani, siku hiyo usilalamike: giza linakusaidia.

Barlow iache kwenye kasha. Nunua lenzi ya macho aina ya Plössl ya milimita 10.