Uzoefu wangu na Foldscope, hadubini ya karatasi, kwa maji ya ziwa letu hapa Mwanza

Walimu wenzangu wa sayansi, kama shule yenu haina maabara na viumbe hai mnavichora ubaoni tu, hii kitu itafuteni. Foldscope ni hadubini ya karatasi, inakuja flati unaikunja mwenyewe, ndani ina kilenzi kimoja kidogo sana kinachokuza kama mara 140. Waliibuni Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na walipoitangaza 2014 malighafi zake zilikuwa hazifiki hata dola moja. Bei ya kununua ni zaidi ya hapo, na kuna kusafirisha, lakini kwa nilichokiona darasani ningenunua tena hata leo.

Watoto ninaowafundisha ziwa ni lao, wanafua humo, mama zao wanaanika dagaa mwaloni, sasa ukiwaambia kwenye tone moja la maji kuna wanyama wanaitikia tu "ndio mwalimu" ila usoni unaona kabisa hawajakubali. Tukaweka tone, kidogo tu mmoja akapiga kelele "mwalimu kina jicho!" Kilikuwa kopepodi, kijidudu cha ukoo wa kamba na kaa, jicho moja tu katikati ya kichwa, na yule alikuwa jike amebeba vifuko viwili vya mayai ubavuni mwa mkia. Nilipowaambia hicho ndo dagaa wanakula, aisee, foleni ikavunjika, kila mtu anataka aone.

Halafu ule ukijani unaotanda majini ziwa likitulia, ambao wengi wanajua ni majani au uchafu. Kwenye lenzi unaona minyororo ya vitu vya mviringo kama shanga zilizotungwa, na sio mmea, ni bakteria, sayanobakteria, na ndugu zao wa kale ndo walioanza kujaza oksijeni kwenye hewa ya dunia zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Mi hii naipenda kuliko zote, yaani mtoto anavuta pumzi huku anaangalia jamii ya viumbe walioianzisha hiyo pumzi! Ila wasiuguse kwa mikono, aina nyingine zina sumu.

Nikawasimulia pia habari za Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye 1674 aliangalia maji ya ziwa la kwao kwa lenzi moja tu aliyoisugua mwenyewe akakuta vijidudu vinaogelea. Lenzi moja na maji ya ziwa, ndo hichohicho walichokuwa wanafanya wao, na waliielewa haraka sana.

Sasa kitu ambacho sifanyii mchezo ni kichocho. Maji ya pembezoni yenye konokono yanaweza kuwa na vimelea vinavyopenya ngozi hata kama huna kidonda, kwa hiyo nachota mwenyewe nikiwa na glovu na gambuti, natoa konokono wote maana wakibaki wanaendelea kuvimwaga, halafu ndoo inakaa imefunikwa siku mbili mbali na watoto. Vimelea vikishatoka kwa konokono bila kupata mtu wa kumwingia vinakufa ndani ya muda huo, kopepodi wanabaki wazima. Tafadhali msiruke hiyo hatua.

Kwenye kutumia, anaangalia mtu mmoja kwa wakati na jicho unalisogeza karibu kabisa, kwa hiyo darasa kubwa linataka subira, ila kuna sumaku ya kuibandikia simu na hapo kundi zima linaona kwa pamoja. Mwanga wa dirishani au tochi unatosha, jua lenyewe msilielekeze kamwe, litaharibu macho ya mtoto. Kama pesa ya shule ni ndogo anzeni na moja na simu yenye kamera nzuri, na tone liwe dogo, likizidi kopepodi anakimbia kabla hamjamuona.