Fantasy Premier League: beki analipwa kwa jasho la wenzake

Huu ni mchezo wa mtandaoni: unaunda timu ya wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England, na wanachofanya uwanjani kinakupa pointi. Kucheza ni bure, na bajeti ya milioni 100 za kubuni kwa wachezaji 15 inakukunisha kichwa kila wiki. Hapo sina neno. Ugomvi wangu ni pointi za mabeki.

Beki akicheza dakika 60 na timu isifungwe akiwa uwanjani, anavuna pointi 4, hata kama siku nzima alikuwa anatembea tu. Mwenzake wa timu dhaifu anazuia mashuti kwa kifua, anaruka vichwa mpaka kichwa kinamuuma, wanafungwa mbili: anakatwa pointi 1. Ndiyo maana kwenye ligi yetu ya ofisini kila mtu ana beki wa Arsenal, timu isiyofungwa ovyo, halafu tunatambiana kama tumevumbua kitu. (Gabriel, beki wao, simsemi, yule anapachika mabao mwenyewe kwenye kona.)

Msimu wa 2025/26 wamerekebisha: beki akifikisha jumla ya 10 katika kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, anaongezewa pointi 2. Sasa mtu kama Tarkowski wa Everton anakulipa hata siku ya kipigo. Hili nimelipenda mno.

Ila 2 za jasho lake kwa 4 za timu kutofungwa bado ni dhuluma. Timu ihesabiwe, sikatai, safu ya ulinzi ni kazi ya wengi. Mimi ningeweka 3 kwa 3.

Nyota 4 kati ya 5. Ukianza leo, nunua beki mmoja wa timu kubwa na wawili wanaoshambuliwa sana.