Kiti cha Mbele Si Lazima Kiwe Kiti Bora: Tathmini ya Viti vya Ukumbi Mmoja wa Muziki

Kwa misimu miwili nimekuwa nikihudhuria maonyesho katika ukumbi uleule wa muziki, wenye umbo la sanduku refu na roshani mbili, na kila mara nimejitahidi kununua tiketi ya sehemu ambayo sijawahi kuikalia. Nilianza kufanya hivyo baada ya kutumia akiba yangu kwenye kiti cha safu ya pili, katikati kabisa, usiku ambao okestra kubwa ilipiga pamoja na kwaya, nikarudi nyumbani na masikitiko ambayo sikuweza kuyaeleza. Tathmini hii inahusu viti, wala haiwagusi wanamuziki. Naiandika kwa sababu bei iliyopangwa kwenye ramani ya viti humwonyesha mnunuzi jinsi atakavyokuwa karibu na jukwaa, lakini haimwambii atasikia nini.

Katika safu ile ya pili, jukwaa lilikuwa juu ya usawa wa macho yangu, hivyo nilichokiona vizuri kuliko vyote ni soli za viatu vya wapiga fidla na miguu ya viti vyao. Filimbi, tarumbeta na ngoma zote zilijificha nyuma yao. Kuhusu sauti, fidla zilizokuwa hatua chache tu kutoka nilipoketi zilizimeza ala nyingine, nami niliusikia upinde ukikwaruza nyuzi kabla sauti hiyo haijapata nafasi ya kuchanganyika na za wenzake, huku kwaya ikiimba kwa nguvu zake zote juu ya kichwa changu na kuwafikia watu wa nyuma. Muziki uliandikwa usikike kama kitu kimoja, nami nikapewa kipande chake.

Sisemi kwamba viti vya mbele havifai kamwe. Niliporudi kumsikiliza mpiga piano aliyepiga peke yake, nilikaa safu ya sita upande wa kushoto, na sikujuta hata kidogo. Piano kubwa ya maonyesho huwekwa ili kifuniko chake kifunguke kuelekea hadhira, jambo linaloviweka vibonye upande wa kushoto wa mtazamaji. Aliyekaa kushoto huona vidole, na aliyekaa kulia huona uso wa mpigaji, lakini mikono yake hufichwa na mwili wa piano. Niliuona mkono wa kushoto ukiruka juu ya ule wa kulia na kurudi, mara nne mfululizo, na kwa dakika hizo sikutamani kiti kingine chochote.

Kwa okestra kamili, hata hivyo, hukumu yangu ni moja: safu ya kwanza ya roshani ya kwanza, karibu na katikati, ndiyo bora kuliko zote katika ukumbi huu. Sababu yake inaeleweka. Sauti inayosafiri chini chini juu ya vichwa na migongo ya viti hupoteza sehemu ya noti zake nzito njiani, na katika ukumbi ambao sakafu yake ni tambarare upungufu huo husikika wazi, kwa maana seli na besi, zile fidla kubwa za sauti nzito, hukonda. Ukikaa roshani, njia kati yako na ala ni nyeupe, na unaiona okestra yote imetandazwa mbele yako kiasi cha kumtambua anayejiandaa kuingia kabla hajaingia. Kasoro niliyoikuta ni chuma cha ukingo, ambacho kwa mtu mfupi hukata mwonekano wa ukingo wa mbele wa jukwaa. Mama mmoja aliyekuwa jirani yangu alilazimika kuinama mbele jioni nzima, na kwa kimo kama chake safu ya pili au ya tatu ya roshani hiyo ingekuwa afadhali.

Sehemu mbaya kuliko zote ni safu za mwisho za ghorofa ya chini, zilizofunikwa na roshani, na hapa nina lalamiko la dhati, kwa kuwa viti hivyo huuzwa kwa bei ileile ya viti vilivyo wazi mbele yake bila onyo lolote kwenye ramani. Kinachoupa ukumbi mzuri uhai wake ni sauti inayorudi kutoka kwenye kuta na dari, nayo haiwezi kuingia ipasavyo ndani ya pango refu na la chini. Muziki ulinifikia kama unaopigwa chumba cha pili na mlango ukiwa nusu wazi. Wakati wa mapumziko nilimwomba mhudumu ruhusa ya kusogea safu sita mbele, ambako palikuwa na nafasi, naye akanikubalia. Okestra ilipoanza tena, hewa yote juu yangu ilijaa sauti. Tangu siku hiyo natumia kipimo chepesi: kina cha sehemu iliyofunikwa kikizidi urefu wa mwanya wake wa mbele, sinunui kiti cha ndani.

Roshani ya juu kabisa ilinishangaza kwa uzuri. Nyuso za wanamuziki hazionekani vizuri, lakini sauti hufika ikiwa nzima na imechanganyika, na hiyo ndiyo faida ya kumbi nyembamba za namna hii, zenye kuta za pembeni zinazoirudisha sauti upesi. Musikverein ya Vienna, iliyofunguliwa mwaka 1870, na Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa mwaka 1900, ni za ukoo huohuo. Wallace Sabine, mwanafizikia aliyetoa ushauri wa sauti kwa ukumbi wa Boston, alikuwa amepima kwa miaka kadhaa jinsi mito ya viti inavyonyonya sauti, akiibeba kutoka jengo moja hadi jingine. Kwa hiyo kiti chenyewe ni sehemu ya mitambo ya ukumbi, na anayenunua tiketi hana budi kulijali hilo.

Viti vya nyuma ya jukwaa, ambavyo hapa huuzwa kwaya isipokuwepo, navipendekeza kwa anayetaka kumwona usoni kondakta, yaani anayeiongoza okestra. Philharmonie ya Berlin, ya mwaka 1963, ilijengwa kwa wazo la kuizungushia okestra hadhira pande zote. Visinunuliwe, hata hivyo, kukiwa na mwimbaji, kwani atakupa mgongo usiku kucha.

Onyesho likitumia spika, haya yote hubadilika. Hapo natafuta kiti kilicho karibu na meza ya fundi sauti, kwa kuwa yeye hurekebisha kila kitu kwa kufuata masikio yake mahali pale alipo. Pembeni kabisa nilisikia spika za upande mmoja tu, na mbele kabisa maneno ya mwimbaji yalipotea, kwa sababu spika kuu zilining'inia juu zikiwaelekea wa nyuma huku za besi zikiunguruma mbele ya magoti yangu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 viwango vinavyotaka wastani wa sauti katika maonyesho usizidi desibeli 100, nami siendi tena kwenye onyesho la aina hiyo bila vizibo vya masikio mfukoni.

Ningeuomba uongozi wa ukumbi uonyeshe kwenye ramani yake mahali roshani inapoanza kufunika viti vya chini, na uandike wazi viti ambavyo mwonekano wake umezuiwa na ukingo. Kwa msimu ujao nimekwisha kulipia roshani ya kwanza, safu ya kwanza, viti viwili kushoto kwa katikati, kwa sababu nusu ya maonyesho niliyochagua yana piano.