Kifaa cha kutunza ufunguo wa barua pepe: kipi ununue

Kabla ya kutazama bei, tafuta neno OpenPGP, yaani mfumo wa kusimba barua na kuzitia saini, kwenye maelezo ya kifaa. Vingi vinavyofanana kwa sura vina FIDO peke yake, mfumo wa kuthibitisha anayeingia kwenye akaunti: vitakusaidia kuingia kwenye akaunti, lakini barua iliyosimbwa havitaifungua. Security Key ya Yubico ni ya aina hiyo, na wengi huinunua kwa unafuu wake kisha wakakwama.

1. YubiKey 5 NFC. Ina nafasi za funguo tatu: wa kutia saini, wa kusimbua na wa kujitambulisha. Kwenye Android unaigusisha mgongoni mwa simu, OpenKeychain, programu ya OpenPGP ya Android, ikaisoma. Programu yake ya ndani haisasishwi kamwe, kwa hiyo ulizia toleo kabla ya kulipa, chukua 5.7 au la juu yake. Matoleo ya nyuma yana udhaifu uliotangazwa mwaka 2024: mwenye kifaa mkononi na vyombo vya maabara anaweza kuutoa ufunguo wa ECDSA, aina mojawapo ya funguo za kutia saini.

2. Nitrokey 3. Msimbo wa programu yake ya ndani uko wazi kwa yeyote kuukagua, na husasishwa. Kama hilo ndilo unalolijali zaidi, ianze hii.

3. Kadi ya OpenPGP na kisomaji chake. Inafaa mezani, ni taabu safarini. Nunua kisomaji chenye vitufe, ili namba ya siri isipitie kwenye kompyuta.

Chochote utakachochagua, nunua viwili, kimoja kiwe cha akiba. Amri ya keytocard ya GnuPG, programu ya OpenPGP ya kompyuta, huhamisha ufunguo kwenda kwenye kifaa, hainakili: ukishahifadhi mabadiliko, kwenye kompyuta hubaki kiashiria tu. Toa nakala ya ufunguo kwanza, uiweke nje ya mtandao. Kisha badilisha namba za siri za kiwandani: 123456 ya mtumiaji na 12345678 ya msimamizi. Ukikosea mara tatu, namba hujifunga. Ya msimamizi ikijifunga pia, huna budi kufuta kila kitu.

Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta, ndiyo husumbua wengi. Tangu toleo la 78 ina OpenPGP yake ya ndani, isiyozungumza na kifaa. Sakinisha GnuPG, fungua kihariri cha mipangilio, weka mail.openpgp.allow_external_gnupg iwe true, kisha kwenye akaunti chagua ufunguo wa nje na uandike kitambulisho chake cha herufi 16. Ingiza pia ufunguo wako wa umma ndani ya Thunderbird yenyewe na uukubali. Usipofanya hivyo utasoma barua vizuri, ila kutuma zilizosimbwa kutagoma.

Kwenye Linux, GnuPG ikidai hakuna kadi ilhali umeichomeka, mara nyingi inagombania kifaa na pcscd, huduma ya mfumo inayosimamia visomaji vya kadi. Andika disable-ccid kwenye scdaemon.conf, kisha uwashe upya scdaemon, sehemu ya GnuPG inayozungumza na kadi.